Kengele ya Mama Yake

Zawadi, mujukuu wangu,

Babu yako anakusalimia toka Kindu. Mama yako amepona malaria, anauza tena samaki za Lokandu.

Unauliza kama imbwa wako mupya anaweza kuvaa mukaba wa shingo wa yule aliyekufa kwa kuhara damu. Hapana, mutoto wangu.

Wakati wa vita tulikimbilia pori, na imbwa wangu Tumaini njo alitulisha. Imbwa wetu wa kuwinda habweki, anavaa kengele ya muti ili tumusikie. Ugonjwa ukaingia, Tumaini akahara damu, akafa. Mutoto wake alikuwa muzima kwa kaka yangu, ng'ambo ya kijito. Kwetu kengele ya imbwa hodari inarithiwa, basi nikamuvalisha ile ya mama yake. Juma halikuisha, naye akafa vilevile. Nyama ikakosekana. Mudogo wa mama yako, yule usiyemujua, hakutoka porini. Sitaandika zaidi.

Choma ule mukaba. Peleka imbwa apate chanjo kwanza, kisha atoke nje. Huko Kisangani munganga wa nyama, yule anayetibu imbwa na mbuzi, iko.

Mimi kengele yangu sikuichoma. Iko ukutani, nimeijaza majani isilie, na tangu pale sijafuga imbwa.

Babu yako