Mikoba yangu kwenye ukurasa wa wifi

Shoga, uko? Nimeaibika, sijui nitauficha wapi uso wangu.

Ile mikoba ninayomshonea wifi kwa jumla, leo nimeikuta mtandaoni anaiuza bei mara tatu! Wateja wanamsifu, "Dada, una mkono!" Mkono upi? Kutunga uzi kwenyewe hajui!

Wivu ukanipanda. Nikabadilisha jina la akaunti yangu, nikaweka la uongo, nikamwandikia: "Hii mikoba unashona wewe kweli?"

Akajibu papo hapo: "Wifi, jina umebadilisha, picha umeiacha."

Picha yangu, shoga! Nimekenua meno yote!

Akaongeza: "Nilikuambia tuuze pamoja, ukasema unataka jumla, hutaki kusumbuliwa na wateja."

Na ni kweli nilisema. Ndicho kinachoniuma.

Nikafungua duka langu mtandaoni hapohapo, kwa jina langu. Mteja wa kwanza kuingia, yeye! Eti, "Nifanyie bei ya jumla."

Nikamwambia, "Jumla imefungwa, wifi. Bei ni ileile unayowauzia wenzio."

Amenuna. Lakini shoga, yeye ana wafuasi hadi basi, mimi ninaye yeye tu. Hebu njoo unifuate!