Sebule Ndani ya Mwamba

Jumatatu, 6 Januari
Zamu ya asubuhi tena, nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa Seven Hills, huku ugenini. Nimeogesha watu sita. Treni imechelewa. Mume wangu ametuma picha nyingine: mlango kwenye kilima, basi. Huko jangwani aliko, mbali na sisi, joto limepita nyuzi arobaini na tano, na watu wanaishi ndani ya mwamba, kwenye ubaridi. Alikwenda kuwa kibarua wa uashi. Sasa anatuchimbia nyumba. Nimechukia.

Jumatano, 8 Januari
Chumba cha kulala tayari. Hakina dirisha, bomba la hewa tu, limetokeza juu ya kilima. Nikamwambia, "Huo ni mwanandani wa kaburi, si chumba." Akacheka. Mimi sikucheka. Binti yetu Zuhura kajibu kwa Kiingereza: haendi kuishi shimoni.

Ijumaa, 10 Januari
Nimempa sharti. Sebule pana kama ya nyumba yetu ya Tanga, au siji. Nilijua ni vigumu. Nilitaka ashindwe.

Jumapili, 12 Januari
Anapanua. Jirani yake, mzee mchimbaji wa opali, yale mawe ya vito, amemwonya: mwamba hauna boriti, unajibeba wenyewe, chumba kikizidi upana, dari hushuka. Ananisimulia kwa majivuno, eti fundi wa Tanga hatishwi na jiwe. Nilipaswa kusema acha. Sikusema.

Jumatatu, 13 Januari
Hapatikani. Chini ya mwamba hakuna mtandao, najua. Nimepiga mara kumi na moja. Kazini nimevunja kikombe, nimemkaripia bibi wa watu bure.

Jumanne, 14 Januari
Aliyepiga ni yule mzee jirani yake. Kipande cha dari kimeanguka. Bega limevunjika, yu hai. Nikakaa sakafuni jikoni. Ni mimi. Nilimwekea sharti kwa hila.

Alhamisi, 16 Januari
Amepiga kutoka hospitali. Nimemwambia yote.
"Mama Zuhura, si ungesema tu hutaki?"
"Naogopa, Baba Zuhura."
"Hata mimi niliogopa, siku za mwanzo."
Miezi minane yuko huko. Hakuwahi kuniambia.

Jumapili, 19 Januari
Bega linaunga. Akipona ataweka nguzo katikati ya sebule. Yule mzee atamsimamia. Nimeomba likizo ya wiki mbili. Zuhura atakuja, kuona tu, anasema. Sijaahidi kuhama.
Mchana nimefua mashuka, nikayaanika uani. Upepo mkavu, kama wa huko kwake. Yamekauka kabla sijamaliza chai.