Nilisaini Pikipiki Ambayo Sikuisikia

Mshauri mpendwa, nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unihukumu, maana nisipolitoa hili moyoni sijui kama Alhamisi itanikuta na akili zangu.

Mimi ni fundi, nina miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na mbili nimekuwa nikitengeneza vyombo vya kituo cha afya kwenye gereji iliyo nyuma ya kituo hicho, ambako sasa tuna pikipiki tano za magurudumu manne, zile wanazopanda wauguzi kupeleka chanjo milimani kusikofika gari, na kazini wananiita Sikio, kwa sababu chombo kikiingia getini, kabla hakijazimwa mimi nimeshajua kama ni mkanda unateleza, ni beringi imekufa au ni gia, na sijisifu, ndivyo ilivyokuwa, watu walikuwa wanakuja hata na magari yao wenyewe niwasikilizie tu.

Mwaka jana masikio yakaanza kupiga mluzi. Nikadhani ni mafua, nikangoja yapite, hayakupita, mama watoto akawa ananiita kutoka jikoni siitiki, akasema nimeanza kiburi cha uzeeni, nami nikaona heri anione nina kiburi kuliko ajue, na kazini nikajifunza kuwatazama watu midomo, na chombo nikawa nakishika kwa kiganja nipate mtetemo, nikajiambia inatosha. Sikumwambia mtu yeyote. Nani atamletea chombo Sikio asiyesikia?

Sasa mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ni muuguzi wa chanjo hapo hapo kituoni, na wiki tatu zilizopita aliniletea pikipiki yake, akasimama mbele yangu, akasema, "Baba, nikipanda mlima kwa gia ndogo inalia kama inasaga mawe, halafu mkono wa gia unanipiga kiganjani kama unataka kutoka." Maneno hayo niliyapata yote, mshauri, siwezi kusingizia masikio. Nikaipandisha kwenye jeki, nikaiwasha, nikaweka bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini wake sikioni kama nilivyofundishwa ujanani, nikasikia mluzi wangu mwenyewe. Nikafungua kifuniko cha mkanda nikanusa, haujaungua. Nikakuta fimbo inayotoka kwenye mkono wa gia kwenda kwenye giaboksi imelegea kidogo, nikaikaza, nikajiambia ndiyo hiyo hiyo, maana fimbo ikilegea nayo inaweza kufanya gia itoke, na nilitaka sana iwe ndiyo. Akaniuliza, "Baba, ile sauti umeisikia?" Nikamwambia, "Nimeisikia, nimeimaliza." Nikasaini kitabu.

Siku ya nne yake alikuwa anapanda mwinuko wenye kokoto, na sanduku la chanjo nyuma, gia ikaruka, pikipiki ikaanza kurudi kinyumenyume, akakanyaga breki, magurudumu yakaburuzika, wakaingia mtaroni yeye na chombo. Amevunjika mfupa wa bega. Chanjo zote zilimwagika. Waliofika kwanza waliukuta mkono wa gia uko katikati, haumo kwenye gia yoyote, kwa hiyo mkuu wa kituo anasema muuguzi aliitoa gia mwenyewe kwa uzembe, na Alhamisi kuna kikao cha kumwondoa kwenye kazi ya chanjo.

Jumapili ya wiki iliyopita gereji ikiwa imefungwa niliingia peke yangu nikaifungua giaboksi. Oili ilitoka inameta unga wa chuma. Yale meno yanayoishika gia ndogo yameliwa, yamekuwa mviringo kama meno ya ng'ombe mzee, na uma unaosukuma gia umepinda. Hayo si mambo ya siku nne, ni ya miezi. Nikaitia ile gia kwenye kopo la rangi, kopo nikalifungia kabatini mwangu, na tangu hapo nikikaa naona kabati, nikila naona kabati.

Juzi mkwe wangu alikuja nyumbani mkono umefungwa shingoni, akakaa, akasema taratibu, "Baba, labda kweli niliugusa ule mkono bila kujua." Nikainamia kikombe changu, nikamaliza chai. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nikisema, kazi imekwenda, na mwanangu sijui atanitazamaje, na nisiposema yule binti wa watu anabeba mzigo wangu. Naomba uniambie, hakuna njia ya kumwokoa yeye bila kujimaliza mimi, kwa mfano nikisema kwamba ubovu wenyewe ulianza baada ya mimi kuikagua? Namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini.

Fundi nisiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako ilinifikia Jumatatu, kikao ni Alhamisi, na gazeti hili linatoka Jumamosi. Sikuona maana ya kukujibu siku mbili baada ya mkweo kuondolewa kwenye chanjo, nikakupigia simu. Mara tatu hukupokea, na ya tatu ndipo nilipokumbuka kwa nini. Nikakuandikia ujumbe. Umenipa ruhusa niuchapishe, basi wasomaji wausome kama ulivyokuwa:

"Pole kwa masikio. Kupoteza kitu ulichojulikana nacho maisha yako yote ni msiba, na umeuomboleza peke yako mwaka mzima. Nakupa pole hiyo kwa moyo wote, lakini nisikilize kwa makini, kwa sababu pole imeishia hapo.

Umeniandikia kwamba mna pikipiki tano, ukanisimulia moja. Hizo nne nani amezikagua mwaka huu? Ni wewe, kwa masikio hayo hayo. Sasa hivi kuna wauguzi wamezikalia. Hilo hukulitaja hata kwa nusu mstari, unanihesabia miaka ya kustaafu. Ukimaliza kusoma, nenda kachukue funguo za zote nne, uzitie mfukoni, na atakayeuliza mwambie hazitoki mpaka zifunguliwe.

Uongo wa kusema ubovu ulianza baada yako uuache. Wewe mwenyewe umesema ni wa miezi, na fundi yeyote atakayeiona hiyo gia atasema hivyo hivyo.

Nimemuuliza fundi mmoja wa giaboksi ninayemwamini. Anasema kosa lako halikuwa masikioni. Gia iliyolika haitoki ikiwa kwenye jeki, kwa sababu magurudumu yanazunguka hewani bila mzigo wowote. Ulipaswa kuipandisha mlimani na mzigo nyuma, mkono wako ukiwa juu ya mkono wa gia, na ungepigwa kiganjani kama alivyopigwa yeye. Ulipaswa kumwaga oili ukaitazama mwangani na kupitisha sumaku. Macho unayo, mikono unayo. Na muuguzi alikuja akakueleza ugonjwa wote kwa maneno yake, ukayapata, ukayaweka kando, kwa kuwa kuyafuata kungekulazimu kukiri kwamba ile sauti huisikii.

Mwambie yeye kwanza, kabla ya mkuu wa kituo. Nenda kwake na lile kopo. Usimtume mwanao."

Ulinijibu neno moja, "Naenda." Kisha siku nzima kimya, nami nakiri sikukaa vizuri siku hiyo.

Jumanne jioni ukaniandikia kwamba ulimkuta anafundisha mkono wa kushoto kushika kalamu. Ulimwekea gia mezani ukamwambia yote, mluzi, bisibisi, kabati. Akaishika ile gia, akapitisha kidole kwenye meno. Halafu akasema, "Baba, mimi nilishaanza kuamini ni mimi." Akaomba umwache peke yake, ukatoka. Umeniuliza kama hiyo maana yake amekusamehe. Hapana. Maana yake ulimfanya mtu asiyaamini macho na mikono yake mwenyewe kwa wiki tatu. Msamaha ni wake, atautoa akitaka, na wewe usiende kuudai wala usimtume mtu akauombe.

Jumatano ulikwenda kwa mkuu wa kituo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Lakini alizisimamisha zile nne, akaita fundi kutoka nje, na moja kati yake imekutwa na meno yanayoanza kulika namna ile ile. Inapandwa na muuguzi ambaye ni mjamzito. Sitasema zaidi juu ya hilo, najua umeshalifikiria.

Alhamisi kikao kilikaa, na aliyehojiwa ukawa wewe. Mkweo amerudishiwa jina lake kwa maandishi, na mfupa ukipona anarudi kwenye chanjo. Wewe umepewa barua ya onyo, huruhusiwi kusaini chombo chochote kutoka gereji mpaka daktari wa masikio akupime, na kustaafu kwako kutajadiliwa baadaye. Kopo ulilitoa mwenyewe mbele yao.

Sasa yaliyobaki, na nataka uyafanye.

Daktari ni wiki ijayo. Nenda, na akisema uvae kifaa, kivae, hata gereji nzima ikikucheka. Watacheka siku mbili. Fundi wa kutoka nje mwombe mkae naye akifungua hizo giaboksi nyingine, na usiwe mwalimu, uwe wa kushika taa. Kwenye kitabu cha gereji, kuanzia sasa, maneno ya muuguzi yaandikwe kama alivyoyasema, mbele ya jina la fundi, na chombo kisitoke bila kupandishwa mlima na mzigo.

Kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye hadi uliponiandikia jana ulikuwa hujamwambia lolote. Mama watoto amekaa mwaka mzima akidhani umemchoka. Kituo kizima sasa kinajua kisa chako, mwanao anajua, mimi ninajua, na sasa wasomaji wa gazeti wanajua, yeye bado anaita jikoni akidhani unamdharau. Mwambie leo kabla hajalisoma hapa. Mkae mahali penye mwanga, umtazame usoni, umweleze kila kitu, halafu usiondoe macho kwenye midomo yake mpaka amalize kukujibu.