Maji ya Jipe Hayaendi Popote

Kisiwani, 4 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za Chome, baridi na mguu? Mimi mzima.

Naandika kwa karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei tangu tulipomzika baba. Nasema “tulipomzika” na mimi sikuwepo. Najua.

Hapa hotelini mfanyakazi akitimiza miaka mitano anapewa zawadi: mzazi wake aje alale usiku mmoja kama mgeni. Nauli ya basi na boti wanatoa wao. Vitanda vya wageni navitandika mimi. Njoo nikutandikie kimoja.

Mwanao,
Justa

Chome, 19 Juni 2024

Justa,

Marahaba. Baridi ipo, mguu upo, vinanisumbua kwa zamu.

Nakujibu kwa sababu mtu akikuandikia kwa mkono wake unamjibu, hata kama umemkasirikia. Siku ile tulikusubiri kaburini mpaka saa kumi. Mchungaji aliimbisha wimbo mmoja mara tatu. Ulipofika kesho yake ukasema maji ya bahari yalikuwa yameondoka, boti ikashindwa kutoka. Mwanangu, mimi ni mtu wa mlimani lakini si mjinga. Nimekaa kwa shangazi yangu Jipe miaka miwili, na lile ziwa sijaliona likiondoka hata siku moja. Maji yaondoke yaende wapi, msibani?

Nitakuja. Si kwa ajili ya kitanda. Nataka kumwona huyo tajiri aliyekuzuia.

Mama yako

Kisiwani, 3 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimekosa usingizi. Kaka Sadock atakufikisha kwenye boti. Usibebe chochote, kila kitu kipo.

Mwanao,
Justa

Chome, 14 Agosti 2024

Mwanangu Justa,

Nimefika salama. Mguu umenisemesha njia nzima kutoka Same, lakini tumefika wote wawili.

Kwanza, ulisema nisibebe chochote. Mtu haendi kulala kwa watu mikono mitupu. Ile tangawizi ya Myamba nilimpa meneja wako, Paschal, akaipokea kama amepakatishwa kichanga. Nilikuja kumgombeza, nikakosa pa kuanzia.

Kitandani ulinikunjia taulo likawa ndege. Sikuthubutu kumbomoa, nikalala upande wa pili. Alikuwa mtulivu kuliko baba yako. Kimya cha huko kinamsumbua mtu: hakuna jogoo, hakuna jirani anayekohoa. Yule mzungu aliyelala juani nilimpa pole nikidhani mgonjwa. Akashukuru. Asubuhi nilitandika kitanda mwenyewe nikupunguzie kazi, ukaja ukakitandua ukatandika upya. Hilo nimesamehe.

Sasa la maji. Nilishuka ufukweni na begi langu, nikakuta bahari haipo. Boti imelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe aliyechoka. Nikauliza, “Mmeipeleka wapi?”

Mwanahalima wa jikoni alicheka mpaka akakaa chini. “Inarudi saa nane, mama. Haiombwi.”

“Na mwenye msiba?”

Akaacha kucheka. “Mwenye msiba tulimvuta sisi. Justa aliingia kwenye tope na begi kichwani, eti atavuka kwa miguu. Lilimfika kiunoni. Tulimtoa watu wanne. Kiatu chake kimoja hakijaonekana mpaka leo.”

Wewe ulikuwa umesimama pembeni unakunja shuka iliyokwisha kunjwa. Hukunitazama.

Mbona hukuniambia? Ulinitajia maji tu. Maji sikuyaamini, lakini tope ningeliamini. Nimelikanyaga maisha yangu yote.

Maji yaliporudi na boti ikaelea, nilikushika mkono, nikakwambia ule vizuri tu. Ndiyo maana naandika.

Sadock amenunua saruji ya kujengea kaburi la baba yako. Fundi Elibariki alifika juzi na koleo lake, nikamrudisha. Nimewaambia yupo mmoja hajaweka udongo wake. Wakasema miaka miwili imepita. Nikasema hata mimi najua kuhesabu.

Njoo, mwanangu. Safari hii hakuna atakayetazama saa.

Mama yako

Kisiwani, 24 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimepewa siku kumi.

Nimeuliza habari za maji. Alhamisi yanajaa saa kumi na mbili asubuhi. Yatanikuta nimeshakaa botini.

Mwanao,
Justa