Leseni Iliyobaki Ishiara

Jumatatu, 6 Januari

Nimedarizi nembo kumi na nane kabla ya chai ya saa nne. Uzi mwekundu umekatika mara mbili. Kompyuta kuukuu imejizima tena, kama kawaida yake. Leo sikuitukana. Laptopu mpya imefika kutoka Meru mjini, bado na karatasi yake laini. Nimeifungua polepole, nikaifunga, nikaifungua tena. Mume wangu Mwenda amesema ni nyembamba mno, itavunjika. Huyo simu yake ameifunga na mpira, atasema nini?

Kesho nahamisha programu ya kudarizi. Nina furaha mpaka nimetia githeri chumvi mara mbili.

Jumanne, 7 Januari

Balaa. Programu imeingia kwa laptopu vizuri, halafu ikagoma. Inasema leseni yangu inatumika kwenye kompyuta nyingine. Ni kweli, ile kuukuu. Nikaenda kuiwasha niitoe huko. Haikuwaka. Nimeipiga kofi, nimeiomba. Imekufa kabisa. Si ingeningoja siku moja tu!

Njia iliyobaki ni kuingia kwa akaunti yangu niiondoe leseni huko. Akaunti inataka neno la siri. Silijui. Sijawahi kulijua.

Wacha niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Programu hiyo niliinunua nikiwa na kibanda Ishiara, kabla ya kuolewa huku Ruiri. Niliuza ndama kuipata. Njeru, jirani aliyekuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, ndiye alinifungulia barua pepe akanisaidia kuinunua. Kompyuta ikaomba namba ya simu. Yangu ilikuwa kwa fundi. Akaweka yake, nikasema sawa, nikarudi kwa cherehani. Nusu ya soko tulifanya hivyo. Tuliona ni msaada. Leo tarakimu za kubadilisha neno la siri zinaenda kwa simu yake.

Sasa nembo mpya ya shule ya wasichana siwezi kuichora. Kidato cha kwanza wanaingia Jumatatu, sweta zinatakiwa Jumamosi. Ni shule ya upili ya kwanza kuniamini. Nikiwaangusha, kazi itaenda kwa mafundi wa mjini na haitarudi.

Jumatano, 8 Januari

Namba ya Njeru bado inaita! Nimeruka. Nikamweleza haraka: utapokea tarakimu sita, nisomee, zinaharibika baada ya dakika kumi. Akasema:

"Mama, tarakimu kama hizo sisomei mtu kwa simu. Hata ungekuwa mama mzazi."

Akakata. Ameniona mkora, mimi! Nikapiga tena. Akaniuliza mlango wa kibanda changu ulikuwa rangi gani. Nikasema buluu. Akasema ulikuwa kijani, niende nikatafute kazi. Nikamwita mjinga, na sauti yote. Tangu hapo hashiki simu.

Nimelia kwa hasira. Mwenda alicheka kwanza, ndicho kilichonichoma. Halafu akatoka, akarudi na viazi ndani ya kiondo. "Nenda akuone uso," akasema. "Na usiende mikono mitupu."

Alhamisi, 9 Januari

Nimeandika haya nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Niliondoka alfajiri na laptopu kifuani, nikafika Ishiara jua likiwa kali. Saiba haipo. Pale pale Njeru sasa anauza chakula cha kuku. Nywele zimekuwa nyeupe. Kabla sijafungua mdomo akasema kumbe ni Nkatha wa sweta, na mlango ulikuwa kijani. Nikamwomba msamaha. Akauliza wa nini. Huyo mzee!

Akavuta droo, akatoa simu ndogo ya vibonyezo iliyofungwa kwa leso. Saiba aliifunga miaka minne iliyopita. Lakini laini ile anaiwekea salio kila mwezi, anaichaji kila Jumapili akitoka kanisani. Haipigii mtu. Nikamuuliza kwa nini.

"Watu wako humu ndani," akasema. "Nikiizima, nimewafungia nje."

Akanionyesha daftari la majina ya wote aliowafungulia barua pepe. Aliyekuja kuchukua yake amepigwa mstari kwa rula. Wengi bado. Wengine wamefariki, akasema, lakini hajui watoto wao watakuja kutafuta nini.

Nililitafuta jina langu kwa kidole mpaka nikalipata, halina mstari.

Tukaomba tarakimu. Zikafika. Nikabonyeza kwa haraka, nikakosea moja. Ikakataa. Tukaomba nyingine. Safari hii yeye alisoma pole pole kama anasoma maandiko, mimi nikabonyeza. Ikafunguka. Nikaona kompyuta yangu marehemu pale kwenye orodha, nikaiondoa. Nikajaribu kwenye laptopu. Programu ikafunguka yote, mpaka nembo zangu za zamani!

Nikapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, humo dukani. Mteja mmoja alimwaga pumba.

Kabla sijaondoka tuliitoa namba yake, tukaweka yangu. Akachukua rula. Kiondo nimerudi nacho kimejaa ndengu.

Jumamosi, 11 Januari

Sweta zote tayari! Nembo ina mlima na kitabu, rangi tano, na cherehani haikukwama hata mara moja. Ile kompyuta kuukuu ilifikiria kwa nusu saa, hii imemaliza hata sijamaliza kupiga miayo. Mwalimu mkuu alipitisha kidole juu ya uzi, akaagiza pia za kidato cha pili. Nilijifanya nimezoea. Akienda tu nikacheza peke yangu mpaka Mwenda akachungulia.

Jumanne, 14 Januari

Mvua kidogo. Kazi chache.

Mama Kinya wa ndizi amekuja nimfungulie barua pepe, kuna fomu ya kikundi chao. Tulipofika kwa namba ya simu, simu yake haikuwa na chaji. Akasema niweke tu yangu, kwani kuna nini. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika. Nikaifuta.

Nimeichomeka simu yake ukutani, tukangoja tukinywa chai. Ilipowaka tukaandika namba yake. Kisha nikamsogezea laptopu atafute neno la siri lake mwenyewe. Amechukua muda, kidole kimoja, herufi moja moja.

Nikageuka nikatazama nje mpaka akamaliza.