Kaptula za Shule Mbili

4 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini macho hayakusumbui tena na Pini ameacha kukohoa. Mimi ni mzima, niko juu ya winchi nikiinua vyuma kutwa.

Nakuandikia kuhusu shule ya chekechea. Mwanangu Pini anatimiza miaka minne, na hapa kwenye kambi ya ujenzi kila mtu ana ushauri. Msimamizi anasema mtoto asiyejua kusoma kabla ya darasa la kwanza amekwisha. Mpishi anasema aachwe acheze. Mwashi anasema yeye chekechea hakuiona, na mbona kuta zake zimesimama? Kila mmoja akiongea nakubali. Akinyamaza, nabaki kapa. Tangu tulipomzika mama yake, wewe ndiye unayemlea. Chagua wewe, mimi nitaunga mkono.

Mdogo wako

11 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Macho yanaona, kikohozi kimekwisha, na Pini anakula kama mchimba kisima.

Huyo msimamizi wako mlete hapa kwenye kibanda changu cha kushonea. Amekwisha! Mtoto ambaye hata jino la kwanza halijang'oka amekwisha wapi? Watu wazima tumeshindwa kuipanga dunia, sasa hasira zetu tunazimalizia kwa watoto, tunawapanga mistari.

Mimi sihitaji vipeperushi. Shule zote mbili za jirani huwavalisha watoto kaptula za kufunika magoti, wa kike kwa wa kiume, na zikichakaa wazazi huniletea nitie viraka. Za Shule ya Kijani zimelika makalioni hadi mwanga unapita, magoti mapya kabisa. Maana yake mtoto anakaa kutwa kama karani, ila karani huenda likizo. Za Shule ya Kahawia zimetoboka magotini, na mifukoni nakuta kokoto, mbegu, juzi konokono, tena mzima. Hao wanacheza. Nguo haina mdomo wa kusema uongo. Pini aende Kahawia. Mjadala umefungwa.

Dada yako mwenye sindano

20 Novemba

Dada,

Shikamoo tena. Huku hatujambo, isipokuwa vumbi.

Barua yako ilinifurahisha nikamsomea fundi wa kuchomelea, ambaye mwanawe alisoma hiyo Kahawia. Alicheka hadi akavua miwani. Akaniambia, "Mwambie dada yako ashone, asipige ramli. Hayo magoti si ya mchezo. Mtoto akikosea kuhesabu anapigishwa magoti kwenye kokoto."

Sasa sijui. Je, kama anasema kweli? Je, kama ana chuki na shule? Jana nilishusha nondo upande usio wake, wakanipigia mbinja kama mwizi. Kichwa changu hakiko kazini. Hebu nenda ukaone.

Mdogo wako

2 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya ipo, akili ndiyo siijui imekwenda wapi.

Nimekwenda. Mwalimu mkuu wa Kahawia kaniambia magoti yanatoboka kwa sababu watoto hutambaa ndani ya matairi, na matairi kanionyesha. Getini mama mmoja akaninong'oneza kuwa ni adhabu. Nikamgeukia mlinzi: lipi la kweli? Akajibu, "Inategemea siku, mama." Inategemea siku!

Nikaingia Kijani nikiwa nimeshakunja ndita. Nako nikaonyeshwa mtelezo wa saruji, watoto wanaserereka kwa makalio, wanapanda, wanaserereka tena. Kumbe niliowaita makarani wanacheza, na niliodhani wanacheza huenda wanateswa. Au mtelezo ulifunguliwa kwa heshima yangu tu, maana walijua nakuja. Au mlinzi alinitania. Miaka ishirini nasoma nguo za watu, nikarudi nyumbani nikashona mkono wa shati kwenye shingo.

Kijani wanafunga daftari la majina tarehe ishirini, Kahawia siku hiyohiyo. Asipoingia sasa, atangoja mwaka mzima hapa kibandani. Mimi sijui. Unajua jinsi neno hilo linavyonikwama. Sema wewe, baba mtoto.

Dada yako

7 Desemba

Dada,

Shikamoo. Usikasirike kwa nitakalouliza. Unatafuta shule, au unatafuta sababu ya Pini kubaki nawe? Kila shule ina kasoro kwako. Mimi niko mbali, nitasema nini? Chagua yoyote.

Mdogo wako

21 Desemba

Mdogo wangu,

Hatujambo. Barua mbili niliandika kabla ya hii nikazichana, zilikuwa na maneno ya kuvunja udugu.

Ndiyo, nilikuwa natafuta sababu. Kibanda bila Pini sijui kitakuwaje. Umenikamata, haya, furahi. Lakini wewe nawe! "Chagua yoyote." Hata soksi huzinunui hivyo.

Jana, siku ya mwisho kabisa, nilimpeleka Kijani. Mwalimu mmoja mfupi, ana chaki mpaka kwenye nyusi, alimwuliza anapenda nini. Nikajibu mimi: anapenda rangi. Akaniambia kwa adabu, "Shangazi, nimemwuliza mwenyewe." Kisha akangoja. Pini akatazama dari, akatazama sakafu, akatazama mlango. Mwalimu anangoja tu. Hapo nikaamua, bila kaptula yoyote kunishauri. Kama nimekosea, nimekosea.

Mwishowe Pini akasema, "Napenda kubebwa begani."

Mimi sijawahi kumbeba begani hata siku moja. Mwalimu akamwuliza nani humbeba. "Baba," akasema, kama vile ulimshusha asubuhi ile. Ulipoondoka alikuwa na miaka miwili. Nilidhani amesahau. Nilikuandikia mara ngapi kwamba amesahau?

Fomu ina mstari unaouliza siku ya kwanza mtoto ataletwa na nani. Nilikuwa nimeshaandika "shangazi". Pini akauliza nimeandika nini, nikamwambia. Akasema hapana. Mimi, ninayebishana hata na redio, nikaichukua tena kalamu. Nikalikata neno langu.

Mstari uko wazi. Shule inafunguliwa Jumatatu tarehe nane Januari, saa mbili asubuhi. Usinijibu kwa barua.

Dada yako