Mama Mdogo Ameacha Kwaya

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kile kikohozi chako kimekoma. Sisi huku tu wazima, isipokuwa jirani yetu seremala aliyeangukiwa na mlango alioutengeneza mwenyewe, na hata yeye sasa anacheka.

Nina habari za mama mdogo. Usishtuke, haumwi. Unajua alivyotulea baada ya mama kufariki, na unaijua pia sauti yake. Zamani ilivumilika. Mwaka huu, kaka, hapana. Wanasema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Wimbo wake ungemrudisha. Tukianza yeye yuko mbele, tukimaliza bado yuko njiani, na sauti ya pili yote inamfuata kama kondoo. Wanawake wawili wameshahama kwaya kimyakimya.

Mchungaji akaniita. Akasema mimi ndiye mwalimu wa kwaya, tena ni mtoto wa nyumba ile, basi niende nikamwambie apumzike. Nilikataa. Nilimuuliza nitaanzaje kumfukuza mtu aliyenilisha uji kwa kijiko. Akajibu kwamba akiambiwa na mwingine ataona aibu, akiambiwa nami ataona upendo, na kwamba Bwana wetu kule bustanini naye hakukitamani kile kikombe, ila alikinywa. Nikaondoka nimenuna. Unanijua.

Nikajaribu njia za mkato. Nilimsimamisha nyuma ya nguzo, akasogea mbele ili anione vizuri. Nilimwomba Mungu ampe mafua kidogo tu, akanipa mimi.

Nikaona sina ujanja, nitii tu. Jumamosi nilikwenda kwake, nikamkuta kwenye cherehani anashona pindo za sare mpya za kwaya. Yake alikuwa ameshaimaliza, ameitandaza kitini, imepigwa pasi. Nilipiga magoti pale sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, nikamweleza yote bila kuzunguka, huku nalia. Niliogopa nisije nikampoteza mama wa pili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Aliacha kukanyaga cherehani. Akauliza kama mchungaji amekubali kweli. Nikasema ndiyo. Hapo alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi.

Kaka, kumbe mama mdogo hajawahi kupenda kuimba! Alisema tangu shuleni walimu walikuwa wakimwambia afumbe mdomo. Ila mama alipozidiwa, alimwomba ashike nafasi yake kwenye kwaya, ili mimi na wewe tukitazama mbele kanisani tumwone mtu wetu. Akatii. Kila siku ya mazoezi alitamani kubaki nyumbani, na bado alikwenda, miaka yote hii, nasi tukidhani ndiyo raha yake. Alisema hakuweza kujiondoa, maana aliyempa kazi hayupo tena wa kumpa ruhusa.

Basi nikamwambia, mimi binti wa mama yangu, kwamba kazi ameimaliza. Alinikumbatia kwa nguvu, kisha akaniambia nifute kamasi nisichafue sare za watu.

Kilichobaki ni chako. Anasema ruhusa ya mtoto mmoja haimtoshi, na wewe ndiwe kifungua mimba. Mwandikie, tafadhali, hata maneno mawili yatamtuliza.

Wangu mimi moyo umeshatulia. Jumapili nilipowageukia waumini waitikie, nilimwona benchi la mbele, pale pale tulipokuwa tukikaa mimi na wewe. Mdomo ameufumba, uso unang'aa, anatutazama. Wote wanaimba, yeye peke yake kimya, na sijawahi kumwona na furaha kama ile kanisani.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili